Saini Tatu za Depo ya Dawa

Asubuhi ile ya vita haijanitoka kichwani, mwanangu, na kazi yako ya kumaliza masomo, niliyoisoma jana, imenirudisha palepale. Nimekasirika. Keti unisikilize.

Nilikuwa kijana, nimetoka tu kusomea uongozi wa kazi, nikapewa depo ya dawa hapa mtaani Kasuku. Kanuni yangu ilikuwa moja: katoni haitoki bila saini tatu, ya mwisho ikiwa ya daktari mkubwa. Nilijivuna nayo, weee! Siku hiyo akafika Mama Zaina, muuguzi wa Lokandu, miguu imevimba kwa safari. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kwao.

"Ndugu, watu wanaisha kule. Unipe serumu, niwarudishie maji mwilini."

"Saini ya daktari mukubwa iko wapi?"

"Si alikimbilia Lubutu! Wewe mwenyewe unajua."

"Bila saini haitoki, Mama."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Karatasi yako njo itawanywesha wagonjwa?" Akaondoka mikono mitupu, na serumu zimejaa nyuma yangu mpaka darini.

Juma lililofuata daktari akarudi, akatia saini. Nikapeleka katoni Lokandu mimi mwenyewe kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, nikidhani nitashukuriwa. Mama Zaina akanishika mkono, akanipeleka makaburini, akanitajia majina moja moja mpaka nikamwomba anyamaze. Hakunyamaza.

Na unajua nini? Baadaye akaja mtafiti kuchunguza udhibiti wa kazi katika ofisi zetu. Akafungua karatasi zangu, akaona saini zote ziko, akaandika kwamba depo yangu ni mfano mwema. Mfano mwema, mimi!

Utafiti wa wakati ule uliuliza tu: kanuni imefuatwa? Ilichukua miaka watu wa fani yetu kuuliza kama kazi yenyewe imefanyika. Halafu wakauliza: mambo yakigeuka, vita ikiingia, kanuni ileile bado inafaa? Siku hizi wanakaa na wafanyakazi wenyewe, wajue wanaogopa nini, wanaficha nini, wanaaminiana vipi. Hayo nimeyafundisha mpaka mvi zimenijaa, na wewe ulikuwa unaketi mbele!

Sasa wewe, bila bunduki yoyote mlangoni, umefanya nini? Umempa mkubwa wa hospitali maswali yako awagawie wauguzi wake, wayajaze mbele yake, ayakusanye yeye. Wote wameandika udhibiti ni mzuri. Na wewe ukaamini! Aibu gani hii? Kesho hospitali itayashika maneno yako, na mgonjwa atarudishwa mlangoni kwa jina lako.

Sitaipa alama kazi hii. Rudi ukaketi na wauguzi, mkubwa wao akiwa hayupo. Waulize ni nani alinyimwa dawa, kwa kanuni gani, na nini kilimpata. Uandike hayo, hata wakubwa wakikununia. Mungu akupe masikio, mwanangu, na akuepushe na sifa kama zile nilizopewa mimi.