Gari Lisilo na Kifuniko

Mwaka wa 2022, msimu wa vuli ambapo mvua ilinyesha kwetu Ndithini siku chache tu kisha ikayaacha mahindi yakisinyaa, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mume wangu tulimzika Jumamosi, tarehe 15 Oktoba. Watu walikuja wengi, chakula kilitosha, na mimi sikulia. Nilisikia wanawake wawili wakilizungumzia jambo hilo nyuma ya jiko. Sikuwa nimeyazuia machozi. Hayakuwapo.

Aliacha shamba, ng'ombe wawili na gari. Gari tulilinunua pamoja, yeye kwa pensheni yake na mimi kwa mauzo ya ndengu. Mwendeshaji nilikuwa mimi, kwa kuwa ugonjwa wa sukari ulikuwa umemharibia macho. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na maswali ya mtihani wa leseni niliyasoma mwenyewe bila kumwomba mtu anitafsirie. Hilo nalitaja kwa sababu ni kweli.

Gari hilo halikuwa na kifuniko cha tanki. Halikuundwa nacho. Ukifungua kile kimlango cha ubavuni hukuti kitu cha kuzungusha; unakuta ulimi wa chuma unaoziba shimo, na mdomo wa pampu ukiingia huusukuma ulimi huo, ukitoka ulimi hurudi mahali pake. Siku tulipoletewa gari, mume wangu alipapasa pale kwa kidole, akacheka sana. Alikuwa amesahau vifuniko viwili vya pikapu yetu ya zamani juu ya paa, katika vituo viwili tofauti.

"Sasa mke wangu utanigombeza kwa nini?" aliniuliza.

"Nitapata," nikamjibu.

Jumamosi ya tarehe 19 Novemba, watu wa mbai, yaani ukoo wa mume wangu, walikutana nyumbani kwangu kuzungumzia mali. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ana duka Kithyoko, alikuwa ameomba gari tangu wiki ya mazishi. Kabla ya kikao alilizunguka polepole, akabonyeza kila mlango, hata ule wa tanki. Kisha akaja akasimama mbele ya wazee.

"Shemeji, kifuniko cha tanki kiko wapi?"

"Vai," nikasema. Hakuna.

Kwa Kikamba neno hilo halielezi zaidi ya hapo. Kisichokuwapo tangu mwanzo na kilichopotea jana, vyote ni *vai*. Shemeji akawageukia wazee, mikono wazi.

"Mmesikia wenyewe. Ndugu yangu hajamaliza hata miezi miwili kwa udongo, na gari imeanza kuliwa. Leo ni kifuniko. Kesho tutakuja tupate imesimama kwa mawe."

"Kwani umemuuzia nani, mwaitu?" mzee mkuu wa ukoo akaniuliza, akiniita mama kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa.

"Sijauza kitu. Nimesema hakuna."

"Ndiyo, tumesikia hakuna."

Nilikuwa nimeulizwa kilipo nami nimejibu kwa usahihi. Wakaamua shemeji alichukue gari, alitunze kwa niaba ya ukoo, na kwamba makabidhiano yangefanywa tarehe 17 Desemba. Nilielewa vizuri kilichokuwa kinaniondokea. Mwanamke aliyeshindwa kutunza kifuniko, ukoo ule ule ungeketi mwakani na kumwona ameshindwa kutunza shamba. Nilielewa hivyo kama mtu anavyoelewa kwamba nje kuna baridi huku yeye amejifunika blanketi. Niliwapakulia chai.

Tarehe 6 Desemba nilikwenda Machakos kufuatilia cheti cha kifo. Katika kituo cha petroli, msichana wa pampu alifungua kile kimlango, akajiziba kinywa kwa mkono.

"Uuwi! Mwaitu, wamekuibia kifuniko. Pole sana!"

"Nimeshapoa."

Akamwita mwenzake wa pampu ya pili. "Kuja uone. Hata mama mzee hawamhurumii!"

"Pole, mama," yule wa pili naye akasema. "Tukufungie na karatasi ya plastiki? Vumbi itaingia."

Walikuwa wananihurumia kwa dhati. Tangu Oktoba nilikuwa nimepewa pole nyingi mno kwa ajili ya mume wangu, na hii ya kifuniko ilinifikia kwa uzito ule ule. Niliwaambia shimo lisifungwe, wasukume mdomo wa pampu tu. Wakasukuma, tanki likajaa, nikaondoka wakiwa bado wanaulizana.

Tarehe 17 Desemba shemeji alifika asubuhi na kifuniko kipya mfukoni na mtungi wa petroli, kwa kuwa alitaka kuliendesha gari mpaka Kithyoko bila kusimama. Wazee walikuwa wameketi. Akakiinua kifuniko wakione.

"Mimi sijapewa bado, na tayari nimenunua. Huku ndiko kutunza."

Akakiweka, akazungusha. Kikadondoka. Akakiokota, akakipangusa kwa shati, akazungusha tena, kikadondoka tena.

"Labda umenunua ya sufuria," mzee mmoja akasema, na wanawake wakacheka.

"Ni pande ya kukaza imekwisha," shemeji akajibu. "Mmeona vile alivyoiharibu?" Akauacha mtungi useme badala yake: akauinamisha mdomoni mwa tanki, na petroli yote ikagonga ule ulimi wa chuma na kumrudia, ikateremka ubavuni mwa gari hadi kwenye viatu vyake.

"Mtu asiwashe kiberiti!" mzee mkuu akapaza sauti.

Nilifungua buti, nikatoa faneli ndefu iliyokuja na gari, nikaisukuma ndani mpaka ulimi ukalegea. Nikauchukua mtungi mikononi mwake, nikamimina kilichobaki. Halikumwagika hata tone. Nilipoitoa faneli, mzee mkuu akasogea, akaingiza kidole, akausukuma ule ulimi, akauachilia, akausukuma tena.

"Kumbe hakukuwa na kifuniko."

"Ndivyo nilivyosema."

"Tangu lini?"

"Tangu kiwandani, mzee."

"Na petroli yangu?" shemeji akauliza.

"Imeenda kwa mwenye gari," mzee akamjibu akininyooshea mkono, naye akarudi kitini.

Nilingoja nijisikie nimeshinda. Nilihisi tu harufu ya petroli vidoleni.

Jumatano, tarehe 11 Januari 2023, tuliitwa kwa chifu. Aliuliza mbele ya mashahidi kama kuna anayedai gari au shamba la marehemu. Shemeji akasema hana dai, mzee mkuu akasema ukoo hauna dai, nami nikaandika jina langu kamili pale nilipoonyeshwa. Chifu akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina.

Nje jua lilikuwa kali na barabara tupu. Shemeji alisimama karibu na gari, akiangalia upande mwingine.

"Shemeji, unapitia Kithyoko?"

"Sipitii," nikamwambia. Kisha nikafungua mlango wa pili. "Ingia. Na ufunge mkanda."