Redio Mbili za Mama Mawimbi

"Nileteeni redio yoyote, hata iliyozikwa na mwenyewe, nitaisemesha!" Shangazi alitamba hivyo mkutanoni, mbele ya mtaa mzima, kipaza sauti kikiwa kimemzimikia mwenyekiti mdomoni. Akakifungua kwa kisu cha mkate, akakipuliza, kikasema. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Mawimbi, na sisi ndugu zake hatukupumua kwa maringo yake.

Duka lake ni chumba kimoja: meza, solda ya kuunganishia nyaya, harufu ya risasi yake iliyoyeyuka, na makopo ya skrubu ambazo yeye peke yake anajua zilitoka wapi.

Wahenga walituambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba fahali wa siku hizi hawapigani, wanagawa zawadi. Dola moja kubwa ya ng'ambo ililipatia jeshi letu magari, magwanda na redio za mkononi. Hasimu wake, asije akaonekana bahili, akawapa polisi vyao. Kila mmoja akazifunga redio zake kwa namba za siri ili mwenzake asidukize sikio. Basi jeshi letu na polisi wetu, ndugu wa nyumba moja, wakawa hawawezi hata kuamkiana hewani. Na redio zikiharibika, mafundi wako ng'ambo, subiri miezi mitatu. Askari wa pande zote wakawa wanampelekea Shangazi kwa kificho.

Asubuhi moja nilikwenda kwake kuchaji simu. Mezani palikuwa na redio mbili, ya jeshi na ya polisi, zote zimeshapona. Mjini kulikuwa na uvumi kwamba waasi wamelivamia daraja. Ghafla redio zikaanza kupayuka.

"Wenye silaha wako darajani, nyuma ya lori la unga," ikasema ya jeshi.

"Wenye silaha ng'ambo ya lori la unga. Jiandaeni," ikasema ya polisi.

Shangazi akaweka solda chini. Lori la unga mjini lilikuwa moja tu, na dereva wake ni binti wa Shangazi.

"Hakuna waasi," akasema. "Wanaonana wao kwa wao."

"Shangazi, ukizigusa utaitwa jasusi wa pande mbili!"

"Basi wanilipe mara mbili. Funga mlango."

Akashika moja kila mkono.

"Sajini, ni mimi fundi. Hao mbele yenu ni polisi."

"Toka hewani, mama!"

"Sitoki. Kitufe unachobonyeza kilikuwa kimekwama, nilikukwamulia juzi. Nani mwingine anajua hilo?"

Sajini akashusha sauti: "Kama ni polisi, wavue kofia."

Akageukia mkono wa pili. "Inspekta, hao ni jeshi. Wanataka mvue kofia."

"Waanze wao!"

"Sajini, wanasema muanze nyinyi."

"Sisi? Kwa cheo gani?"

"Wanangu," Shangazi akasema, vidole gumba vyote viwili vimebonyeza, "bunduki hamziogopi, mnaogopa baridi ya kichwa? Nahesabu. Tatu, mnavua pamoja."

Nilimtazama nikasahau kufunga mdomo. Dola mbili zenye vyombo mpaka angani, na kilichoziunganisha ni mwanamke mwenye kandambili na mafua.

"Moja. Mbili. Tatu."

Binti yake, aliyekuwa amelala chini ya usukani, anasema kofia mia na ushei zilishuka kwa pamoja, na hakusikia kitu ila maji ya mto. Kisha mwanajeshi mmoja akapaza sauti: "Shemeji! Kumbe ni wewe?"

Baadaye walikuja wataalamu wa dola zote mbili, kila mmoja kwa siku yake, wakamuuliza anamfanyia kazi nani. "Solda," akawajibu. Wakazichukua redio, wakaleta nyingine zenye kufuli kali zaidi. Bado haziamkiani.

Lakini siku ile lori lilivuka saa sita mchana. Binti akashuka mbele ya duka. Mama yake akamkagua kichwa hadi kidole, akamshika mashavu. Watu wakapanga foleni pale pale barabarani.

Unga uliuzwa mia mbili kwa kilo, bei ile ile ya kila siku.