Makaroni Mbele ya Mama Mkwe

Ashukuriwe Mungu, anayetupa chakula na kicheko hata wakati wa vita.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, nasi tulikuwa tumeoana karibuni, tukiishi katika chumba kimoja katika mtaa wa Kamalondo. Jumapili moja mke wangu alioka makaroni kama alivyofundishwa na mteja wake wa ushonaji, mama Mwitaliano: nyanya, nyama ya kusaga, na jibini tele juu. Hatukuwa na tanuri, kwa hiyo aliteleka sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kupanga makaa mekundu juu ya kifuniko.

Mama yake alipita kutusalimu baada ya misa. Kabla hajaaga, risasi zililia barabarani, tukafunga mlango. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ni kumvunjia heshima. Njaa iliniuma, na harufu ya jibini ilijaa chumbani. Nikasema nimeshiba.

"Anadanganya! Tumbo yake iko nalia, niko nasikia," mama mkwe alimwambia binti yake, maana hakusema nami ana kwa ana. "Umuambie ageuke, aangalie ukuta yake. Mimi nitaangalia yangu."

Tukala tumepeana migongo, mke wangu katikati akipakua na kucheka mpaka machozi. Jibini ilivutika kama uzi, nami nikapambana nayo kimya.

"Mama, bwana anataka kuongezewa."

"Umupe. Lakini ile ya juu yenye kuungua ni yangu!"

Heshima ilibaki nzima, sufuria ikabaki tupu. Nawe unayesoma, Mungu akujalie chakula cha kutosha na wakwe wenye moyo mkunjufu.