Jike wa Vidole Vinne

Mimi sijui kutulia. Mama husema nilizaliwa na siafu miguuni, na sijawahi kumpinga, kwa sababu kwenye ibada mimi ndiye hutoka nje kwanza na kwenye foleni mimi ndiye huuliza tunangoja nini. Kwa hivyo walimu wenzangu waliposikia kwamba nachora viungo vya mnyama asiyeonekana kwa macho, kazi ya kukaa kitini na jicho moja kwenye hadubini, walicheka mbele yangu bila aibu. Mmoja aliniambia nijifunge kamba kwenye kiti. Nikamwambia ashughulike na mitihani yake ambayo hajasahihisha.

Mnyama mwenyewe nilimpata bila kumtafuta. Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Nyeri, nami nakaa mtaa wa Skuta, vyumba viwili na roshani ya kuanikia nguo. Tulikuwa tumepeleka wanafunzi Pwani kwa mashindano ya michezo. Wao walipolala mchana kwa uchovu, mimi nikashuka ufuoni maji yakiwa yametoka, nikajaza mchanga wenye maji yake katika mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Nilitaka kuwaonyesha kidato cha tatu tadigredi wa bahari, maana wale wa huku juu, wanaokaa kwenye majani mafupi ya kijani yanayoota juu ya mawe, walikuwa wameshawachoka.

Tadigredi wengine humwita dubu wa maji. Sijawahi kuona dubu, sibishi. Kinachonikera ni kwamba kila mtu mwenye simu atakuambia huyo ni mnyama asiyekufa, eti mkaushe, mgandishe, mtie anga za juu, atafufuka. Yule wa mawe, sawa. Huyu anayeishi katikati ya chembe za mchanga wa bahari hufa kama mtu mwingine yeyote. Ukimwanika, amekwisha. Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi naye tangu mwanzo.

Nilichukua mchanga kidogo, nikaumwagia maji ya bomba. Maji yasiyo na chumvi huwashtua, wanaachilia chembe walizoshikilia, nawe unamimina haraka kwenye kitambaa chenye matundu madogo kabisa. Katika yote niliyochuja siku hiyo nilipata mmoja tu. Nikamweka kwenye kioo, ndani ya tone la gliserini, nikafunika na kioo chembamba na kuziba kingo kwa rangi ya kucha. Rangi ilikuwa nyekundu, ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilipomtazama, siafu wote wakanitoka miguuni, nikatulia. Alikuwa na kichwa chenye nywele ndefu za kupapasia, mdomo ukiwa upande wa chini, na nyuma ya mdomo mrija mwembamba wenye sindano mbili za kutobolea chakula. Halafu koo la mviringo linalofyonza. Hana moyo, hana mapafu, na wala hahitaji. Miguu minane, kila mmoja ukiingia ndani yake wenyewe kama antena ya redio ya zamani, na kwenye ncha za miguu vidole, na kwenye ncha ya kila kidole kikombe kidogo cha kunatia. Mkia ndio ulionishinda. Ulikuwa mwiba mfupi uliogawanyika kama panda ya manati. Nilitafuta katika kila kitabu nilichoweza kufikia, mkia ule haukuwepo.

Nikatuma picha kwa mtafiti mmoja wa chuo kikuu, mama mpole niliyewahi kumsikia kwenye semina ya walimu. Alinipigia siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, huo mkia ni mpya," alisema. "Lakini nahesabu vidole, naona vinne kila mguu. Jamaa zake wakishakomaa huwa na sita. Huyu wako ni mtoto. Na hatuwezi kutangaza spishi mpya kwa kutumia mtoto. Nitafutie mkubwa, hasa jike. Ukimpata, jina utachagua wewe."

Hapo ndipo nilipofanya haraka yangu ya kawaida. Mwisho wa juma nilikwenda Endarasha kwa mama, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai nikamwambia kuna mnyama mpya duniani, na jina nitakalompa ni lake yeye, mama.

Inafaa nieleze jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Kwetu mtoto hatafutiwi jina, jina ndilo linalomngoja. Msichana wa kwanza ni wa mama ya mume, wa pili ni wa mama ya mke, na binti asiyeolewa akizaa, mama yake ndiye wa kwanza. Nyanya akishapata wa jina lake, watu husema amezaliwa. Rafiki zake mama katika kikundi cha kina mama kanisani wamezaliwa wote, wengine mara nne, mara tano, wanaitana kwa majina ya wajukuu na kucheka. Mama hajazaliwa hata mara moja. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nimevuka arobaini, sina mume wala mtoto, na sijawahi kuhisi kwamba nimepungukiwa. Yeye hakuwahi kunisukuma. Aliniambia mara moja tu, tukimenya viazi, "Wengine wakikufa wanabaki. Mimi nitakufa na niishe." Maneno hayo yaliniuma na yananiuma mpaka leo.

Kwa hivyo nilipotaja mnyama, aliweka kikombe chini. "Ako na damu?"

"Hana."

"Lakini ako hai?"

"Huyu niliye naye amekufa, mama. Lakini wenzake wako hai, kwenye mchanga."

Alifikiri. "Sawa. Ikiandikwa, imeandikwa." Jumapili iliyofuata kikundi kizima cha kina mama kilikuwa na habari. Mmoja alinipigia simu kuuliza kama mnyama huyo anafugika.

Sasa ikabaki kazi ya kumpata mkubwa. Niliuliza kama naweza kurudi ufuoni, mtafiti akaniambia yeye mwenyewe alikuwa amekwenda na kukuta mawe yamemwagwa pale pote, ukuta unajengwa. Kilichobaki kilikuwa mtungi wangu. Nao ulihitaji baridi, na katika vyumba vyangu friji ilikuwa imeharibika na jua lilikuwa linapiga ukuta mchana kutwa. Ghala la viazi la mama, huko Endarasha, ni baridi mwaka mzima. Nikaupeleka huko. Nikamwambia, "Mama, huu ni mchanga wa bahari, uweke tu hapa," nikakimbilia gari la kurudi kwa kuwa nilikuwa na somo la mchana. Mpango ulikuwa niwe nachota kidogo kidogo kila mwisho wa juma.

Mwisho wa juma nilipofika, mtungi ulikuwa umeoshwa, umepinduliwa juu ya uzio, unakauka.

Nilisimama pale kwenye lango nikauangalia. Mama alitoka akifuta mikono, uso wake mkunjufu.

"Hiyo kitu uliniletea ilikuwa nzuri sana," alisema. "Ng'ombe ilikuwa inalamba ukuta ya ghala siku mbili, nikajua kuna kitu imesikia harufu. Nikaonja. Kumbe ni munyu! Nikaiwekea kwa kihori, ikalamba yote. Hata maziwa imeongezeka."

Munyu ni ule udongo wenye chumvi ambao wafugaji wa huku wamekuwa wakiwapa ng'ombe tangu zamani. Ukimletea mama mfugaji mchanga wa chumvi, ukamwambia auweke ghalani, kwa akili zake umemletea zawadi. Naelewa hivyo leo. Siku ile sikuelewa lolote. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilisema mchanga ule ndio ulikuwa pekee, kwamba ndani yake ndimo alimokuwa mkubwa tuliyekuwa tunamtafuta, kwamba bila mkubwa hakuna spishi, na bila spishi hakuna jina. Nilisema hivyo vyote kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumpigia mama yake.

Mama alikwenda mpaka kwenye kihori, akapitisha kidole ndani. Palikuwa pakavu na safi.

"Basi ng'ombe imekula jina yangu," alisema. Kisha akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikaa juu ya gunia ghalani, kwa mara ya kwanza maishani nikakosa hata hamu ya kusimama. Alipomaliza kukamua nilimwomba msamaha, naye akasema yamekwisha, ninywe maziwa. Lakini alikuwa amepoa. Kina mama wake walikuwa wanangoja habari, na siku ya kikundi ile hakwenda, alisema goti linamsumbua.

Juma lile sikutulia. Nilitembea chumbani kutoka mlango hadi dirisha, nikatazama kioo changu chenye mtoto wa vidole vinne, nikaondoka, nikarudi. Wazo lililonisumbua lilikuwa moja. Mtafiti alisema huyu ni mtoto kwa sababu ya vidole. Tumbo lake hakuna aliyeliona, kwa kuwa nilimfunika akiwa amelala kifudifudi na chembe ya mchanga imenasa chini yake, ikiliziba. Mtoto mdogo wa jamii hii hana tundu la uzazi. Jike aliyekomaa analo, chini ya tumbo, na limezungukwa na vipande vidogo kama petali za ua. Je, kama ningemgeuza?

Nilimpigia mtafiti. Aliogopa. "Ni yeye tu tuliye naye," alisema. "Ukifungua kioo unaweza kumpasua, au akapotea kabisa. Tumwache. Angalau tuna picha ya mkia."

"Na tukimwacha, jina litakuwepo?"

"Hapana, mwalimu. Tukimwacha hivyo, hapana."

Mstahimilivu hula mbivu, ndivyo tunavyowaambia wanafunzi. Hakuna anayewaambia kwamba nyingine huoza mtini. Nilikwenda saluni ya chini nikaomba dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kisha nikahitaji kitu cha kumsukumia mnyama huyo, laini kuliko sindano, na wanaofanya kazi hii hutumia unywele wa kope uliobandikwa kwenye kijiti. Zangu ni fupi, zilipinda na kukatika. Nikampigia mama nikamwomba anikatie kope moja ya ng'ombe. Hakuuliza kwa nini. Aliifunga kwenye karatasi ya majani chai, akampa mfanyabiashara wa kabichi aliyekuwa anapitia mjini kwenda Karatina, nayo ikanifikia asubuhi. Alikuwa ametuma tatu.

Ilikuwa Jumamosi, mwanga mzuri. Nilifuta rangi nyekundu pembeni mpaka kioo chembamba kikalegea, nikakinyanyua. Mikono yangu, ambayo haijawahi kutulia hata wakati wa maombi, nilikuwa nimeiegemeza juu ya vitabu viwili. Mnyama alielea kwenye gliserini. Nilimgusa ubavuni kwa kope, akazunguka kidogo, akarudi alivyokuwa. Nikamgusa tena, akatoweka. Nilitafuta tone zima, nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Mama, usiende." Alikuwa ukingoni. Nikamvuta taratibu, taratibu, mpaka akabingirika na kulala chali, miguu juu.

Chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, palikuwa na ua. Vipande vidogo vimepangika kulizunguka tundu, vyote vikiwa vimekamilika. Niliinuka, nikazunguka meza, nikakaa, nikatazama tena. Lilikuwapo.

Nilituma picha. Mtafiti alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Huyo ni jike mzima," alisema. "Hakuna vidole vingine vinavyokuja. Vinne ndivyo vyake. Tulikuwa tunamngoja akue, na amekua siku nyingi." Akasema kwa mkia ule na vidole vile, huyo mmoja anatosha. Akaniuliza jina, nikamtajia la mama, herufi kwa herufi.

Mama nilimleta Skuta Jumatatu, siku ya mapumziko. Alikuja amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kipya kichwani. Alikataa chai. Alitaka kwanza kuona. Nilimwekea kiti, nikasogeza hadubini, nikamwonyesha pa kuweka jicho na jinsi ya kufumba la pili. Huku nyuma mimi nilikuwa naongea bila kupumua, nikimweleza kuhusu sindano mbili za mdomoni, vikombe vya vidole, ua la tumboni, kwamba watu waliodhani ni mtoto walikosea, ni mtu mzima kabisa.

Aliinama kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

"Nimemwona," alisema, bila kuondoa jicho. "Ni msafi. Amefanana na nyanya yako, mama yangu. Hii kichwa ni yake."

Ndipo nilipotupa macho pembeni mwa hadubini nikaona kwamba taa yake sikuwa nimeiwasha. Kwa kiherehere changu nilikuwa nimesahau swichi. Ndani mle hapakuwa na kitu ila giza. Nilinyoosha mkono kuiwasha, mama akaushika, akauweka chini mezani na kuukandamiza kwa wake.

"Wacha," alisema. "Usimsumbue mtoto."