Vigumba Vyenye Nukta ya Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitu wala sikugusa upinde. Mwenye duka, mzee wa Kizungu wa rika la baba yangu mdogo, alinikalisha kwenye benchi la nyuma ya duka lake kule Fairfield, akanipa kinoo, kigumba butu cha mshale na mpira mwembamba wa kufungia vifurushi. Kisha akauvuta ule mpira kati ya misumari miwili. "Ukiugusa tu ukakatika, umenoa," aliniambia. "Ukilazimika kuukereza kama mkate, rudi kwenye kinoo." Nilikereza mkate mpaka wakati wa kufunga duka.

Nilikuwa mgeni Sydney, nimetoka Tanga na Kiingereza cha kuombea maji. Ofisi ya kusaidia wageni ndiyo iliyonipeleka pale, kwa kuwa niliwaambia kwamba nyumbani nilikuwa nikiwanolea wachinjaji visu. Walifurahi kupata mahali pa kunitua. Mimi nilishangaa kukuta watu wazima, wenye nyama tele buchani, wanaamka alfajiri kwenda kumvizia mnyama kwa upinde kama babu zetu. Mnyama mwenyewe si wa kwetu wala si wa kwao, aliletwa na meli zamani. Wao humwita deer, sisi tulimwita kulungu kwa kukosa jina lingine.

Vijana wananiuliza, mzee, kuchagua kigumba nako ni kazi ya kumlisha mtu maisha mazima? Ndiyo. Kigumba ni kile kichwa cha chuma cha mshale wa kuwindia, chenye mabapa makali kama wembe. Risasi huua kwa kishindo, mshale hauna kishindo. Mshale huua kwa kukata, damu ikatoka upesi, mnyama akalala kabla hajajua kimempata nini. Ukichagua vibaya, mnyama anaondoka na jeraha, anakwenda kufa mbali kwa mateso, na wewe unarudi nyumbani na hadithi.

Mwenye duka alinifundisha kuanza na mtu, si na mnyama. "Usimuulize mteja anapenda kipi," alikuwa akisema. "Muulize upinde wake una nguvu gani, na bega lake lina umri gani." Upinde laini unataka kigumba chembamba cha mabapa mawili, kipenye bila kupoteza nguvu. Upinde mgumu unaweza kubeba mabapa matatu na mkato mpana. Uzito wa kigumba nao uwe sawa na wa zile ncha butu za mazoezi, la sivyo mshale utabadili njia siku ya kazi. Halafu unausimamisha mshale juu ya ncha yake na kuuzungusha kama pia. Ukiona unayumba pale kigumba kinapoungana na mti wake, kifungue uanze upya. Mwisho ndio unakinoa, hata kama kimetoka kiwandani leo, maana makali ya kiwandani ni ya kumridhisha mteja, si mnyama.

Miaka ikapita, nikatolewa benchini nikawekwa kaunta. Hapo ndipo nilipokutana na Seif. Ni mtu wa Mombasa, dereva mstaafu anayekaa Auburn, mwenye ulimi mkali na mkono wa kutoa. Alikuwa na kikundi cha Waislamu wenzake, Waswahili, Walebanoni na Waafghani, walioruhusiwa kuwinda katika shamba la mzungu mmoja mbele ya Campbelltown. Kwao kigumba kilikuwa jambo la dini. Nyama ya mawindo ni halali kwa masharti: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapouachia mshale, na mshale umuue mnyama kwa makali yake, si kwa kumgonga. Akianguka majini akafia humo, hujui kilichomuua ni mshale au ni maji, basi humli. Huyo ni kibudu.

"Bwana Hamadi," Seif aliniambia siku moja, "mimi hivi vijisanduku vya vigumba naviona vyote sawa. Nitajuaje ni kipi kimepita mkononi mwako?"

Nikachukua rangi ya kijani tuliyokuwa tukitumia kutia alama mishale, nikatia nukta kwenye kisanduku chake. Ikawa desturi. Kila kigumba nilichokizungusha, nilichokinoa na kukikatisha mpira, kilipata nukta. Wa Auburn hawakununua kingine, na baada ya muda hata wazungu, ambao hawajui kibudu ni nini, wakawa wanaingia wakiuliza vile vya kijani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sitaficha kwamba nilijivuna. Katika nchi ambayo jina langu lilikuwa likiwashinda kutamka, nilikuwa na nukta iliyoaminiwa.

Kisha mwenye duka akazeeka, akauza duka, na aliyelinunua, mwenye matawi mengine, akatuletea meneja. Kijana nadhifu, mwepesi wa kutabasamu, hajawahi kumwona kulungu ila kwenye simu. Alikuja na shehena ya vigumba vya kufunguka. Hivi mabapa yake yamekunjwa vikiwa hewani, vinapomgonga mnyama ndipo yanafunguka kama mwavuli. Sisemi ni vibaya. Kwenye upinde mgumu vinaruka vizuri na kukata tundu kubwa. Lakini kufunguka kwenyewe kunakula nguvu, na upinde laini hauna nguvu ya kugawa. Mabapa yanaweza kubaki yamekunjwa, mshale ukaingia kama msumari.

Meneja akanitaka nivitie nukta.

"Hivi havinoleki, na havifai kila upinde," nilimwambia.

"Mzee, wateja wanaipenda ile alama. Kwa nini tuwanyime?"

"Alama ni ya kazi niliyoifanya. Hapa nimefanya kazi gani?"

Alitabasamu, akaniambia nimechoka, na wiki iliyofuata akanituma tawi la Campbelltown kufundisha wafanyakazi wapya. Nilikwenda kwa moyo safi. Safari ya treni ni ndefu, nilijipa kazi ya kusali na kusinzia.

Wiki hiyohiyo Seif alikuwa akimwoza binti yake. Aliwaahidi wageni pilau ya nyama ya mawindo, na kikundi kizima kilijua. Bega lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo upinde wake alikuwa ameulegeza sana. Mtu wa namna hiyo ningempa mabapa mawili nikiwa nimefumba macho. Alikwenda dukani, hakunikuta, akaona nukta ya kijani, akanunua. Hakuuliza, na kwa nini aulize? Nukta niliiweka ili asihitaji kuuliza.

Alipiga bismillah, akampata kulungu ubavuni, vizuri kabisa. Mabapa hayakufunguka. Mnyama alikimbia mpaka kwenye bwawa la shamba, akaingia majini, na huko ndiko alikokufa. Walimvuta nje wakamtazama. Hakuna aliyethubutu kutoa kisu. Wageni wa harusi walikula kuku wa dukani, na Seif, mtu wa kutoa, alipita meza kwa meza akiomba radhi.

Ijumaa aliningoja nje ya msikiti wa Auburn, watu wakitoka. Alikuwa na kisanduku mkononi.

"Hii alama ya nani?"

"Alama ni yangu, Seif, lakini mkono si wangu. Nilikuwa Campbelltown. Wallahi sikuvigusa."

"Sasa nani katia?"

"Ni manager."

"Mimi sikwenda shop kununua mkono wa manager," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nilimpiga yule mnyama kwa kukuamini wewe. Akafa kibudu. Watu wameniuliza, mbona ulisema vya Hamadi havikosi? Niwajibu nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli ni huu hapa mkononi mwangu."

Walebanoni na Waafghani walisimama wakitutazama, wengine hawakuelewa Kiswahili, lakini kisanduku walikielewa. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Auburn aliyekuja kwenye kaunta yangu.

Jumatatu nilimwendea meneja. Kwa hasira Kiingereza kikanikimbia chote, nikabaki kusema, "Futa. Futa zote." Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Hamadi," alisema, "ile rangi ilinunuliwa na duka. Kisanduku ni cha duka. Sasa niambie, wewe chako ni kipi?"

Nikarudi kaunta. Nilichofanya ni kumwambia kila mteja aliyekuja asitazame nukta, aniulize mimi. Meneja akasikia, na kabla mwezi haujaisha nikapewa uhamisho wa kudumu: stoo ya Campbelltown, kupokea mizigo na kuipanga, mbali na kaunta na wateja. Huko nilimalizia miaka yangu ya mwisho. Kinoo changu nilikwenda nacho, lakini stoo haina cha kunoa. Siku ya kustaafu waliniletea keki, jina langu wameliandika vibaya.

Mnaniuliza kama najutia kazi. Kazi sijutii. Ilikuwa kazi safi, yenye kanuni, na ningemfundisha yeyote mwenye subira. Ninachojutia ni kwamba nilidhani jina la fundi ni mali yake, haliwezi kuchukuliwa akiwa hai anatazama. Mnaoanza kazi, angalieni jina lenu mnaliweka kwenye kitu cha nani. Seif ninamwona msikitini kila Ijumaa. Namtolea salamu na ananiitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni faradhi. Zaidi ya hapo hakuna.

Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda Fairfield kununua kinoo, maana cha zamani kimelika katikati. Duka limepakwa rangi upya. Ukuta mzima wa vigumba ulikuwa na nukta za kijani, siku hizi hawatii hata kwa mkono, zinachapishwa kiwandani pamoja na kisanduku. Nikachukua kinoo kipya, nikaenda kaunta alikokaa binti mpole, hakunijua.

"Nikusaidie, uncle?"

Nikamuuliza hizi nukta maana yake nini.

"Vyenye nukta ndivyo vizuri kuliko vyote," alisema, akang'aa uso. "Kulikuwa na mzee mmoja Mwafrika hapa, alikuwa anavichagua mwenyewe, kimoja kimoja. Hata Waislamu walikuwa wanamwamini."

"Na siku hizi yuko wapi?"

"Nafikiri alishafariki."

Nikamwambia Mungu amrehemu, nikakirudisha kinoo mahali pake, nikatoka.