Wavu, Blanketi na Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mwanangu alipoanza kujigeuza, mguu wake ulinasa katikati ya fito za kitanda chake, akalia mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Tuliutoa kwa mafuta ya kupikia. Mguu ulipona siku hiyohiyo, lakini mimi hofu haikunitoka. Kesho yake nikaenda Nakasero, kwenye duka la vitu vya watoto, nikanunua wavu laini wa kuzungushia kitanda kwa ndani. Muuzaji aliuita bampa, utadhani namnunulia mtoto gari. Akaubandika mdomoni mwake, akavuta pumzi, akasema, "Umeona? Hewa inapita." Nami nikaubandika mdomoni mwangu nikavuta pumzi palepale, mtu mzima na tai shingoni, wateja wakinitazama. Nikaridhika.

Sikujua kwamba shida haikuwa kwenye wavu. Shida ilikuwa njiani, inakuja na mfuko wake wa nguo.

Likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa imekwisha. Msichana wetu wa kazi alikwenda kwao sikukuu, akanogewa, hakurudi. Ikabidi mama mkwe aje kumlea mjukuu. Asiyewajua Waganda, watu wa mke wangu, atasema, sasa tatizo liko wapi, si umepata bibi? Tatizo ni kwamba kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawapishani mlangoni, hawaketi chumba kimoja. Wakigusana, mikono huanza kutetemeka, na kutetemeka huko hakuponi kirahisi. Ukwe na ugonjwa huo vina jina moja, obuko. Mimi nimezaliwa Nakuru, mtoto wa mjini, na mambo hayo niliyachekea mpaka nilipooa. Nilipooa nikaacha kucheka, maana mke wangu, msomi wa chuo kikuu, hacheki.

Basi mama mkwe akawa anafika asubuhi kutoka kwa dada yake, chini ya kilima cha Lubaga, kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa langu. Siku za kazi hatukukutana. Jumamosi mimi nilikaa sebuleni, yeye chumbani na mtoto, pazia limeshuka katikati yetu. Tulisalimiana kupitia pazia hilo, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Marehemu mume wake alikuwa askari polisi, kwa hiyo Kiswahili cha kambini anakijua. Siku aliyouona wavu nilimsikia akimwambia binti yake, "Hii kitu iko na matundu tupu. Baridi naingia. Mtoto tapata numonia." Akachukua blanketi zito, akalishindilia kati ya wavu na fito, kitanda kizima.

Jioni nikalitoa. Kesho yake limerudi. Nikalitoa, likarudi. Kumwambia mwenyewe siwezi. Namwambia mke wangu, mke wangu anamwambia mama yake, mama yake anamjibu, na mke wangu ananirudia amechoka kama mtu anayeteka maji ya nyumba mbili.

"Anasema alilea watoto wengi na hakuna aliyekufa kwa joto."

"Mwambie blanketi linausukuma wavu ndani. Unalegea."

"Mwambie wewe," akasema, kisha akacheka bila furaha.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na hasira na mtu nisiyeweza hata kumkazia macho. Kazini nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta nikiwaza blanketi.

Jumamosi moja alasiri mke wangu alikwenda kusukwa. Nilikuwa sebuleni nasoma gazeti. Nyuma ya pazia palikuwa kimya, kisha mtoto akaanza kunung'unika, kisha akalia. Halafu kilio kikashuka, kikawa kizito, cha mtu aliyezibwa mdomo.

"Maama?" niliita. "Maama, mtoto!"

Nilisikia mkoromo. Asubuhi alikuwa amemeza dawa ya mafua, masikini, na dawa ilikuwa imemlaza fofofo. Nililishika pazia, nikaliachia. Kumwona mama mkwe ameketi ni balaa, sembuse kumkuta amelala, kilemba kimetoka na gauni limepanda. Nikakimbilia kwa jirani, nikakuta kufuli. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwa sababu kitanda cha mtoto kilikuwa chini ya dirisha.

Niligeuza uso kuelekea migomba ya jirani, nikapitisha mkono kwenye vyuma vya dirisha mpaka begani, nikawa napapasa. Vidole vyangu vikagusa wavu. Ulikuwa umelegea, blanketi limeusukuma mpaka katikati ya godoro, na nyuma yake ulikuwepo uso wa mwanangu, umelowa, una joto. Nikasikia pumzi yake kwenye vidole, ndogo, ikipita kwenye vile vitundu.

Hewa inapita. Lakini inapita kiasi gani, na mtoto anahitaji kiasi gani? Sikujua. Nikauvuta wavu, haukuja, maana alikuwa ameulalia. Kumwinua kwa mkono mmoja sikuweza. Mtu ataniuliza kwa nini sikurudi ndani nikalirarua hilo pazia. Ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaipata ile pumzi, na niliogopa nikiutoa, nitakapofika upande wa pili nisiikute. Nikasimama pale shavu kwenye chuma, macho kwenye migomba, nalia. "Geuka, baba," namwambia. "Geuka, baba yangu." Hakugeuka.

Nikapiga ukelele. "Maama! Amka!"

Akaamka, akaona mkono wa mwanamume umening'inia dirishani juu ya mjukuu wake. Alifanya ambalo bibi yeyote angefanya. "Mwizi! Mwizi ya mtoto!" Kandambili ikaniangukia kwenye kiwiko, mara mbili, tatu.

"Ni mimi! Mtoe mtoto! Hapumui vizuri!"

Kandambili ikanyamaza. Kisha mikono yake ikaingia kitandani kumchukua mtoto, na kiganja chake kikapita juu ya changu, ngozi kwa ngozi. Mtoto akatoka, akalia kwa sauti kamili, nami sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

"Ssebo," akasema mwishowe, taratibu na kwa heshima, "toa mkono."

Nikautoa. Alimngoja binti yake arudi, akamkabidhi mtoto, akajifunika leso kichwani, akatokea mlango wa nyuma. Akaenda kwao kijijini, na hakurudi tena.

Kliniki, siku ya chanjo, muuguzi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema vyote viwili tuondoe, blanketi na wavu. Kitanda kitupu, godoro gumu, mtoto alale chali. Nikamuuliza, na mguu ukinasa? Akasema, "Mguu tutautoa."

Sasa mimi na mke wangu tunalea kwa zamu. Huko kijijini wanasema mkono wa kulia wa mama unatetemeka akimimina chai. Mimi nasema ni uzee. Hata hivyo kuna wakati nanyoosha wangu juu ya meza ya kazi na kuutazama.

Tangu siku ile hata salamu zimekatika kati yetu. Lakini mke wangu akiwa kazini huiacha simu yake nyumbani, kwa sababu mama yake atapiga, na hupiga mtoto akishalala. Naipokea bila kusema neno, naye hasemi. Naiweka kitandani, karibu na pua ya mtoto, naiacha hapo. Baada ya muda sauti yake hutoka kwenye godoro, ndogo, si ya kuniambia mimi.

"Iko napumua," anasema.

Namkubalia kwa kichwa, ingawa hanioni, kisha nakata simu.