Saumu Niliyofungulia Herufi

Haya, chekeni mapema mmalize, maana najua mtacheka tu. Mimi Somoe, mnayeniona hapa nawakemea wajukuu wasile ovyo mchana wa Ramadhani, saumu yangu ya kwanza kabisa niliifungua saa nne asubuhi, katikati ya uwanja wa misheni, mbele ya padri mwenye ndevu na bibi yangu mzaa mama, na nilichofungulia hakikuwa tende wala uji, kilikuwa herufi.

Ilikuwa miaka ile Wazungu wanalima karanga Nachingwea, trekta zinanguruma mpaka kuku wanasahau kutaga, na mume wa mama mdogo alikuwa kapata kazi huko, ndiyo nikatolewa kwetu Narung'ombe nikakae kwao nisome shule ya misheni. Kusoma kwenyewe sasa! Herufi za ubaoni zilikuwa zikiniona tu zinahama, hii inageukia huku, ile inageukia kule, nikifumba jicho moja ndiyo kabisa zinacheza ngoma. Mwalimu alinichapa mpaka akachoka yeye. Akasema nina kichwa kizito, heri nirudi kwetu nikapalilie ufuta.

Sasa palikuwa na Sista mmoja, Mzungu mnene, mpole, ndiye aliyeoka mikate ya misheni. Akasema hao mnaowaita vichwa vizito nipeni mimi. Akatukusanya nyuma ya jiko karibu na tanuri, na shule nzima wakatubatiza jina, Darasa la Jikoni. Huko hakuna ubao. Sista alikanda unga wa muhogo na karanga za kusaga na asali, akafinyanga herufi, akazioka, kisha anakuwekea moja kiganjani: ipapase, izungushe, itaje. Ukiitaja sawasawa, unaila. (Ndiyo, nilisoma shule ya kula, mna neno?) Na ajabu ni kwamba herufi nikiishika mkononi ilikuwa haihami. Inatulia. Nilikuwa nikilia kwa furaha huku natafuna.

Basi Ramadhani ikaingia, na mimi kiherehere changu nikasema nafunga. Mama mdogo akaniambia wewe bado mdogo, funga hadi adhuhuri, nikakataa katakata, kwa sababu binamu yangu Zuhura alifunga mwaka uliopita na hatukupumua kwa majigambo yake. Siku hizo hizo tukasikia anakuja Padri Mkaguzi kutazama kama kuna maana yoyote kuwalisha asali watoto wasiojua kusoma. Asiporidhika, Darasa la Jikoni linafungwa na kila mmoja wetu anarudi kwao. Habari ikafika Narung'ombe, na Bibi akaja kwa miguu na fimbo yake, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Nimekuja kusikia kwa masikio yangu. Kama hujui kitu, leo leo tunaondoka wote, jembe lako nimeshalitia mpini."

Mimi nikamjibu kwa kiburi, "Bibi, mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma mbele ya Padri."

Asubuhi ile Sista akanipitisha mara ya mwisho. Akanipa neno KARANGA, herufi moja moja, nikazitaja zote bila kusita, akafurahi, akasema, "Kula, mwanangu." Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu, Sista nimefunga, angeniwekea kabatini, yangekwisha. Lakini niliogopa akijua nina njaa atasema kapumzike na atamsimamisha mwingine, na kwa Bibi nimeshajitapa. Basi alipogeukia tanuri nikazifunga zote kwenye pindo la kanga yangu, nitafuturu nazo. Kisha tukaambiwa tufagie uwanja, nikaivua kanga nikaiweka chini penye shina la mkorosho, mahali pazuri, pana kivuli. (Kivuli cha nani? Cha sisimizi!)

Kengele ilipolia nikaikwapua kanga nikaifunga kiunoni bila hata kuikung'uta, maana gauni langu la shule lilikuwa limechanika nyuma na mama mdogo alilitia kiraka cha gunia la karanga, kilichokaa penyewe pale pa kukalia, na sikutaka mgeni akione.

Padri akaja, mrefu, viatu vizito. Akachukua herufi kwenye sinia la Sista akanionyesha. "Hii nini, binti?"

Nikafungua mdomo, na sisimizi wa kwanza akaniuma pajani. "Aaa!"

"Si A," akasema Padri, akamtazama Sista. Sista akawa mwekundu.

Nikataka kusema M, wallahi niliijua, lakini sasa walikuwa wamepanda ukoo mzima. Nikarusha mguu. Nikarusha mwingine. Nikazunguka, nikajipiga mapaja, nikaruka na kupiga yowe, na wanafunzi wote wakarudi nyuma. Bibi akainuka, "Mtoto kapandisha mashetani! Leteni ubani!" Na Padri naye akatoa kichupa cha maji mfukoni, akaanza kunisomea Kilatini. Bibi akanivuta mkono, "Baba, usimmwagie mjukuu wangu maji yako!" Padri akanishika mkono wa pili. Huku Bismillahi, huku Kilatini, na sisimizi wanaendelea na kazi yao.

Kanga ikafunguka. Kiraka kikaonekana chote, shule nzima ikapiga kelele, na herufi zangu zikamwagika chini.

Hapo nikasahau sisimizi, nikasahau kiraka. Nilichoona ni futari yangu inapondwa. "Baba Padri, toa mguu, umekanyaga N yangu! Bibi, hiyo G, usiisukume na fimbo! R yangu iko wapi?"

Padri akainua kiatu polepole, akachungulia. Ilikuwa N. Akaokota nyingine, akaikung'uta mchanga, akaniwekea kiganjani. "Na hii?"

"K," nikasema, na kwa mazoea, jamani, mkono ukaenda wenyewe mdomoni, nikatafuna.

"Somoe!" Bibi akapiga yowe. "Saumu!"

Nikasimama na K mdomoni, niteme nisiteme, wote wananitazama. Nikameza. Padri alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Sista aendelee na tanuri lake. Sista alinikumbatia na sisimizi wangu, wakamuuma na yeye.

Jioni Bibi alinipaka mafuta ya nazi kwenye mapaja, kimya, nikajua kipigo kinakuja. Kumbe anawaza. "Ile uliyokula," akasema, "ikoje?" Nikamchorea kwenye vumbi kwa kidole. Akaipapasa yeye pia, taratibu, akaifuata mistari yake yote, halafu akasema, "Haya. Baada ya Idi utailipa hii K kwa siku nzima. Kisha utanionyesha nyingine."

Niliilipa. Jembe lile akarudi nalo peke yake Narung'ombe, na tangu siku hiyo kanga siivai mpaka nimeikung'uta, hata iwe mpya ya dukani.